Nilijiandaa kwa udaktari wa meno; je, chuo cha udaktari wa miguu kitanipokea?

MASWALI YA WASOMAJI: MASOMO NA KAZI

*Mheshimiwa Mshauri, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Kigoma. Ninaishi Columbus, Ohio, pamoja na wazazi wangu, na nina kibali cha ukaazi wa kudumu. Nilimaliza shahada ya biolojia miaka 3 iliyopita kwa nia moja tu, nayo ni kuwa daktari wa meno. Nimefanya mtihani wa DAT, ule wa kuingia vyuo vya meno, nimekuwa msaidizi katika kliniki ya meno kwa miaka 2, na nimeomba vyuo vya meno mara 2 bila kupata nafasi. Mara ya pili niliitwa kwenye usaili mmoja, na mambo yakaishia hapo. Mwezi uliopita nilimpeleka baba kliniki kwa sababu ya kidonda cha kisukari kilichomtoka kwenye wayo, na daktari wa miguu aliyemhudumia akaniuliza kwa nini sijawahi kufikiria fani yake. Tangu siku hiyo silali vizuri. Je, masomo niliyokwisha kusoma yatafaa? Ni lazima nifanye mtihani wa MCAT, ule wa kuingia vyuo vya udaktari? Barua zangu zote za mapendekezo zimeandikwa na madaktari wa meno, je, nizitumie? Na kubwa kuliko yote, wasaili hawataniona kama mtu aliyekosa kwingine ndipo akaja kubisha hodi kwao?*

*Mwenye kusitasita, Columbus*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa baba. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lililokunyima usingizi, na jibu lake ndilo litakalokuonyesha cha kufanya na hayo mengine.

Ndiyo, watajua kwamba ulianzia kwenye meno. Matokeo ya DAT yatasema, miaka 2 ya kliniki itasema, na hata orodha ya watu waliokuandikia barua itasema. Usijaribu kuficha. Vyuo hivi vimezoea kupokea watu waliojiandaa kwa udaktari wa jumla, kwa meno, kwa famasia au kwa tiba ya viungo, kwa sababu ni vijana wachache mno wanaoanza chuo kikuu wakiwa wamekwisha kuamua kutibu miguu. Kwa hiyo kinachomwangusha mwombaji wa namna yako si kule alikotoka. Huanguka pale anapoulizwa kwa nini amechagua miguu, akajibu kwa maneno ambayo yangeweza kusemwa kuhusu fani yoyote: kwamba anapenda kusaidia watu, kwamba anapenda kazi ya mikono, kwamba anataka kuwa na kliniki yake. Msaili husikia kwamba huyu amebadilisha neno moja tu katika insha ya mwaka jana, na mara nyingi huwa hajakosea.

Sababu ya kweli haipatikani kwa kukaa na kuitafuta kichwani. Huipati mpaka ushinde kliniki. Nilipokuwa nakusanya maelezo ya safu hii niliwahi kuketi nusu siku kwa daktari mmoja wa miguu, kwa ruhusa yake na ya wagonjwa wake. Mgonjwa wa pili alikuwa mzee mwenye kisukari cha miaka mingi, ambaye alisema hana tatizo lolote, amekuja kukatwa kucha tu. Kabla hata ya kuugusa mguu, daktari aliingiza mkono ndani ya kiatu cha mzee, akapapasa, akatoa kifungo cha shati. Mzee alikuwa amekikanyaga tangu asubuhi bila kujua. Kisha daktari akamwambia afumbe macho, akachukua uzi mgumu wa nailoni, ule unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10, akawa anaugusisha kwenye wayo, na mzee alitakiwa aseme «ndiyo» kila anapouhisi. Uzi uligusa kidole gumba, ukagusa chini ya vidole, ukagusa kisigino, na chumba kikawa kimya. Chini ya kidole gumba palikuwa na sugu nene ya rangi ya manjano. Daktari aliikwangua kwa wembe wa upasuaji, tabaka baada ya tabaka, mpaka pakatokea doa jeusi la damu, na chini ya doa lile palikuwa na shimo linaloweza kumeza punje ya mtama. Kidonda kilikuwepo siku zote, kimefunikwa na ngozi iliyokufa, na mwenyewe hakuumwa hata kidogo kwa kuwa mishipa yake ya fahamu ilikwisha kufa ganzi. Nilichokigundua baadaye ni kwamba daktari alizungumza na mzee yule kuhusu viatu kwa muda mrefu kuliko alivyozungumza kuhusu dawa.

Wewe umekaa miaka 2 karibu na kazi inayofanyika katika sehemu ndogo, kwa kifaa kidogo, mgonjwa akiwa macho na anaogopa. Hilo linafanana sana na kazi ya miguu, na una haki ya kulisema. Lakini huwezi kulisema kwa uzito mpaka uwe umeona vyote viwili. Kwa hiyo rudi kwa daktari aliyemtibu baba, umwombe akuruhusu ushinde kliniki ukitazama, kisha utafute mwingine anayefanya upasuaji zaidi ili uone chumba cha upasuaji. Usihesabu siku tu. Andika kila jioni ulichokiona. Pengine utagundua kwamba harufu ya kidonda kilichooza inakushinda, au kwamba huwezi kustahimili kukata kucha nene za wazee kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, maana hiyo nayo ni sehemu kubwa ya kazi. Ni afadhali uligundue hilo sasa kuliko ukiwa mwaka wa pili wa chuo.

Kuhusu masomo, hapo una nafuu. Vyuo vya udaktari wa miguu Marekani huomba angalau saa 90 za mihula, kile kipimo cha masomo ya chuo (credit), yaani kiasi cha miaka 3 ya chuo kikuu, ingawa wengi wanaoingia wana shahada kamili kama yako. Ndani yake huwa mna biolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni na fizikia, kila moja pamoja na maabara, na Kiingereza. Aliyejiandaa kwa meno kwa kawaida ameyamaliza yote hayo. Kama kuna somo la sayansi ulilopata C, lirudie, au soma la ngazi ya juu zaidi ufanye vizuri, kwa sababu chuo kinataka kuona unavyosoma leo kuliko ulivyosoma ukiwa na miaka 19.

MCAT ndiyo mtihani unaokubaliwa na vyuo vyote. Baadhi yake hupokea pia DAT, na baadhi hupokea GRE, ule wa kuingia masomo ya juu ya shahada ya kwanza, lakini masharti hutofautiana, na matokeo yaliyopitwa na muda hayapokelewi. Andikia ofisi ya udahili ya kila chuo unachokitaka kabla hujalipa chochote, uulize kama DAT yako inafaa na tarehe yake bado inakubalika. Ikiwa itabidi ufanye MCAT, ujue kwamba DAT haikukuandaa kwa kila kitu: haina fizikia, wala haina saikolojia na sosholojia, na zile picha za kukunja maumbo ulizozifanyia mazoezi hazimo kabisa.

Vyuo vyenyewe ni 11 tu katika nchi nzima, na kimojawapo kiko jimboni kwako, nacho ni kile cha Kent State University kilichoko Independence, karibu na Cleveland. Vingine viko North Chicago, Des Moines, Philadelphia, New York, Miami Shores, Arizona, California ambako kuna viwili, Harlingen huko Texas, na Erie huko Pennsylvania. Hivi viwili vya mwisho ndivyo vichanga. Maombi hupitia mfumo mmoja wa chama cha vyuo hivyo, AACPM, na waombaji hutazamwa kadiri wanavyofika, kwa hiyo anayetuma mapema hukuta nafasi nyingi. Hakikisha chuo kina ithibati ya baraza la CPME, kwani bila hiyo shahada ya DPM, yaani ya udaktari wa miguu, haina kazi.

Barua za madaktari wa meno usizitupe. Moja inatosha, ya yule aliyekuona kwa muda mrefu ukimtuliza mgonjwa au ukisafisha vifaa bila kusimamiwa. Mwombe aiandike upya, kwa sababu barua inayosema «atakuwa daktari mzuri wa meno» ikifika kwenye chuo cha miguu itakuaibisha. Nyingine ziwe za walimu wako wa sayansi, na moja lazima itoke kwa daktari wa miguu uliyeshinda naye. Bila barua hiyo ya mwisho, yote niliyoyasema kuhusu sababu yatabaki maneno matupu.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuuliza. Lugha yetu ina mtego katika fani hii. Sisi tunaposema mguu tunamaanisha kuanzia pajani mpaka kidoleni, na ukimwambia shangazi kwamba utakuwa daktari wa miguu atadhani utaunga mifupa ya paja. Sheria za Marekani hazitazami mguu hivyo. Eneo lako la kazi ni kuanzia kwenye kifundo kwenda chini, yaani wayo, kisigino, vidole na ile mifupa 26 iliyojipanga humo, na kila jimbo huweka mpaka wake: mengine hukuruhusu upasuaji wa kifundo, mengine hukuruhusu kugusa hata sehemu ya muundi, na mengine hubana zaidi. Kwa hiyo kabla hujachagua pa kusoma, fikiria pia pa kufanyia kazi.

Halafu kuna miaka. Daktari wa meno anapomaliza miaka 4 ya chuo, katika majimbo mengi anaweza kupata leseni na kuanza kazi. Daktari wa miguu anamaliza miaka 4 hiyo hiyo, kisha anakwenda hospitali kwa residensi, yaani mafunzo ya kazini, ya miaka 3, na bila hiyo leseni huwezi kuipata karibu popote. Residensi hulipwa mshahara, lakini si mshahara wa kujengea nyumba. Nafasi zake hugawanywa kwa mfumo wa kuwaoanisha wahitimu na hospitali. Mwaka 2013 baadhi ya wahitimu walimaliza chuo wakakosa pa kwenda. Miaka ya karibuni nafasi zimetosha, ila swali la kumuuliza kila msaili linabaki pale pale: wahitimu wenu wa mwaka jana, wangapi walipata residensi?

Utasikia watu wakisema kwamba kuingia kwenye vyuo hivi ni rahisi. Ni kweli kwamba waombaji ni wachache na wastani wa alama za wanaoingia uko chini ya ule wa vyuo vya udaktari wa jumla. Lakini mlango mpana haumaanishi kwamba darasa ni jepesi. Des Moines na Western University huko Pomona huwasomesha wanafunzi wa miguu sehemu kubwa ya sayansi za msingi pamoja na wanafunzi wa udaktari wa osteopathia, ambao nao huwa madaktari kamili Marekani, na baada ya mwaka wa pili unakutana na sehemu ya kwanza ya mtihani wa taifa, APMLE, ambao usipoupita safari inasimama hapo na deni linabaki. Ukijiona hujatengemaa kimasomo, chukua mwaka mmoja wa kusoma upya kabla ya kuingia. Mimi ningekushauri hivyo hata kama chuo kimekuita.

Na deni si la mzaha. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 imeondoa mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na kuweka kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla kwa wanaosomea shahada za kitaaluma, udaktari wa miguu ukiwemo. Ada ukijumlisha na pango na chakula, katika vyuo vingi mwaka mmoja unapita kikomo hicho, kwa hiyo omba msaada wa ada wa chuo chenyewe, na ukiweza kukaa kwa ndugu, kaa. Kiwango cha kati cha mapato ya madaktari wa miguu nchini humo kimekuwa kikizunguka kati ya dola 140,000 na 153,000 kwa mwaka, chini ya cha madaktari wa meno. Bima ya wazee ya Medicare inamtambua daktari wa miguu kuwa daktari katika kazi zile ambazo jimbo lake linamruhusu, na sheria ya mwaka 2018 imewapandisha wale wanaohudumia wanajeshi wastaafu walingane na madaktari wengine kwa malipo. Lakini Medicare hiyo hiyo hailipii ukataji wa kawaida wa kucha na sugu, isipokuwa mgonjwa ana maradhi kama ya baba yako.

Kuhusu insha, usianze na baba. Najua ndiye aliyekufikisha hapa, na mweke, lakini mweke katikati. Anza na kitu ulichokiona kwa macho yako kliniki, kisha ueleze meno kwa sentensi mbili au tatu zisizo na kilio: uliomba, hukupata, ukaendelea kufanya kazi, ukaona kitu kingine. Na usiombe meno na miguu kwa pamoja katika msimu huu. Msaili akikuuliza, utalazimika kusema kweli, na kweli hiyo itakuangusha pande zote mbili.

---

*Ndugu Mshauri, mimi ni daktari, nilihitimu Lubumbashi na nimefanya upasuaji kwa miaka 6. Sasa nipo Houston, na mitihani ya kuwatahini madaktari wa kigeni imenichosha. Je, naweza kuingia residensi ya miguu moja kwa moja, kwa kuwa upasuaji ninaujua?*

*Daktari asiye na kliniki, Houston*

Daktari, pole na ugeni wa kazi. Jibu ni hapana, na ni bora ulipate mapema. Residensi za miguu hupokea wahitimu wa vyuo vyenye ithibati ya CPME peke yao, na mitihani unayoifanya sasa inafungua mlango wa residensi za udaktari wa jumla, si huu. Ungelazimika kuingia chuo, ufanye MCAT au mtihani mwingine unaokubaliwa, na nakala za masomo yako zitathminiwe na shirika linalotambuliwa. Chuo chenyewe ndicho kinachoamua kama kitakupunguzia somo lolote. Uliza, lakini hesabu zako zifanye kwa miaka 4 kamili na 3 ya residensi. Kwa mtu aliyekwisha kufanya upasuaji kwa miaka 6, mimi ningemaliza kwanza mitihani niliyokwisha kuianza.

---

*Assalaam aleikum Bi. Mshauri. Binti yangu alikuwa akijiandaa kusomea uuguzi, sasa amepata nafasi ya kusomea tiba ya miguu Uingereza. Ndugu zake walioko Marekani wanasema atakuwa daktari mpasuaji. Je, ni kweli?*

*Baba wa watatu, Mombasa*

Waaleikum salaam, mzee wetu, na hongera kwa binti. Ndugu zake wanazungumza habari za nchi yao. Huko Uingereza, tiba ya miguu ni shahada ya kwanza, kwa kawaida ya miaka 3, na ya miaka 4 huko Scotland; anapomaliza anajisajili kwa HCPC, baraza la wataalamu wa afya, ambalo ndilo linalolinda jina la fani hiyo, na anafanya kazi kama mtaalamu wa afya, si kama daktari. Upasuaji wa miguu upo, lakini unahitaji masomo mengine marefu baada ya hapo. Afrika Kusini nako, katika Chuo Kikuu cha Johannesburg, ni shahada ya miaka 4 yenye mkondo kama huo. Shahada hizo hazitamruhusu kufanya kazi hiyo Marekani. Huko atatakiwa kuanza DPM.

Akitaka kurudi nyumbani, kazi ipo. Hakuna chuo cha Afrika Mashariki kinachotoa DPM, na wanaotazama miguu ya wagonjwa wa kisukari huku kwetu mara nyingi ni wauguzi na madaktari waliojifunza wakiwa kazini. Dar es Salaam, kwa mfano, Dkt. Zulfiqarali Abbas ameifanyia kazi hiyo utafiti kwa miaka mingi. Kabla hajalipa ada, binti aandikie baraza la Kenya linalohusika aulize atasajiliwa kwa cheo gani akirudi, na jibu alipate kwa maandishi.